Andika Deki Hata Mwenzako Aweze Kuicheza

Mpinzani wangu alikuwa amebakiwa na uhai wa 4. Mkononi nilikuwa na Fireblast, kadi inayopiga 4 barabara, na mezani nilikuwa na ardhi tatu, kadi zinazotoa mana ya kulipia kadi nyingine. Nikaanza kutabasamu mapema. Kadi yenyewe inasema hivi: ama ulipe mana sita, ama utoe kafara Mountain mbili. Mana sita sikuwa nazo. Na katika zile ardhi tatu, Mountain ilikuwa moja tu. Mbili zilikuwa Wind-Scarred Crag, ambazo hazihesabiwi kuwa Mountain na nilizitia mwenyewe wiki moja kabla, nikijiona fundi, ili nipate kuchomeka kadi nyeupe za kurudisha uhai ndani ya deki nyekundu niliyotumiwa na rafiki yangu wa Nairobi. Zamu iliyofuata nikafa, Fireblast ingali mkononi.

Nilimpigia simu kutoka Dar usiku uleule.

“Kaka, deki yako mbovu hii.”

Akacheka. “Umebadilisha ardhi, sivyo?”

“Sasa ungeniambia zisiguswe!”

“Wewe uliomba orodha. Nikakupa orodha.”

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Yeye alinipa nilichoomba, nami sikuwa na njia ya kujua kwamba Mountain 16 zilizoandikwa mwisho wa orodha hazikuwa za kujazia nafasi. Tangu siku ile nimetumiwa deki nyingi, nimetuma nyingi, na nimeona kosa hilohilo likijirudia: watu wanatuma kadi wanaacha sababu. Makala haya ni kwa ajili yako wewe unayecheza michezo ya kadi za kukusanya, mtandaoni au mezani sebuleni, na unataka deki yako ikifika kwa mwenzako ifike na akili yake.

Kwanza, tukubaliane tunachozungumzia

Karata tulizokulia nazo, za kopa, uru, pau na shupaza, pakiti ni moja na kila aliyeketi mkekani anagawiwa kutoka humo. Mwaka 1993 kampuni ya Kimarekani ya Wizards of the Coast ilitoa mchezo uliobuniwa na Richard Garfield, Magic: The Gathering, na utaratibu ukageuka: kila mchezaji anakuja na pakiti yake, aliyoipanga mwenyewe kutoka kwenye maelfu ya kadi. Pokémon ikafuata Japani mwaka 1996, na Konami ikatoa Yu-Gi-Oh! mwaka 1999. Baadaye ikaja michezo ya kwenye skrini peke yake, kama Hearthstone ya mwaka 2014.

Hiyo pakiti uliyoipanga mwenyewe ndiyo wachezaji wanaiita deki. Mama yangu akinisikia nikisema natengeneza deki huuliza ndoo na tambara viko wapi. Mvumilie mama, jina limeshakaa.

Kila mchezo una hesabu yake. Magic ya kawaida inataka kadi 60 au zaidi, na kadi ya jina moja isizidi nakala 4, isipokuwa zile ardhi za msingi. Mtindo wake wa Commander unataka kadi 100 kamili, kamanda akiwemo, na kila kadi nakala moja, ardhi za msingi zikiwa nje ya sharti hilo. Pokémon ni 60 kamili, wala haipungui wala haizidi. Yu-Gi-Oh! ni kati ya 40 na 60, nakala zisizidi 3. Hearthstone kwa kawaida ni 30.

Kwa kuwa hesabu ni nyingi na kadi ni maelfu, zimetengenezwa zana za mtandaoni za kuandikia deki. Wachezaji wa Magic wanatumia sana Moxfield na Archidekt. Wa Pokémon wengi wanakwenda Limitless. Unaandika majina, nayo zana inakuhesabia, inakuchorea mchoro wa gharama za kadi zako, inakuonya ukiweka kadi iliyopigwa marufuku, kisha inakupa kiungo cha kumtumia mtu. Kufungua akaunti ya kawaida hakuna malipo. Lakini zana ni kalamu tu, na barua mbovu haiponi kwa kuandikwa kwa kalamu nzuri.

Tuma maandishi, picha ibaki kuwa pambo

Njia ambayo wengi wetu tunaanzia ni kupanga kadi zote mezani, kupiga picha na kuirusha WhatsApp. Picha hiyo ikifika imeshabanwa, herufi za majina zimegeuka ukungu, na kadi nne zilizolaliana zinaonekana tatu. Mpokeaji anakisia. Akikisia vibaya anajenga deki ambayo hukuwahi kuicheza.

Andika. Deki nzima ya kadi 60 kwa maandishi haifiki kilobaiti mbili; hata mwenye bando la mwisho wa mwezi ataipata. Na mtindo ambao zana karibu zote zinauelewa ni rahisi mno, idadi halafu jina, mstari kwa mstari:

4 Lightning Bolt
4 Chain Lightning
4 Lava Spike
4 Fireblast
16 Mountain

Hiki ni kipande tu cha ile deki nyekundu ya rafiki yangu. Mwenzako akiipata orodha ya namna hii anainakili, anaibandika kwenye zana yake, na kadi zinajipanga zenyewe. Kadi za pembeni, zile zisizozidi 15 ambazo mchezaji wa Magic anaruhusiwa kubadilishia kati ya mchezo na mchezo, ziandike chini, kwa kuacha mstari na kuweka kichwa chake. Usizichanganye na za ndani, maana mwenzako atajikuta na kadi 75 na maswali mengi.

Majina yaache kama yalivyochapishwa kwenye kadi, herufi kwa herufi. Usitafsiri. Ukiandika “Lighting Bolt” kwa kuruka herufi moja, kosa ambalo hata wakongwe wanalifanya, kuna zana itakayogoma, na mbaya zaidi kuna itakayouruka mstari huo kimyakimya. Baada ya kubandika tazama jumla kabla ya kitu kingine. Ikisoma 56 wakati uliandika 60, kuna jina moja limepotelea njiani. Ukiwa na shaka na tahajia, litafute jina Scryfall, ambako kadi za Magic zimewekwa pamoja na picha zake.

Kwenye mashindano rasmi jambo hili lina makali zaidi. Pale unapotakiwa kukabidhi orodha ya deki kabla ya kuanza, orodha isiyolingana na kadi ulizonazo inaweza kukugharimu mchezo mzima, hata kama ulikosea kwa bahati mbaya. Mtu aliyezoea kuandika orodha safi kwa marafiki hana hofu siku hiyo.

Bizari ipi?

Mwambie mtu anayejifunza kupika pilau atie vijiko viwili vya bizari, usimwambie ipi. Kama alichonacho jikoni ni bizari ya manjano, atakuletea sinia la rangi ya dhahabu ambalo si pilau. Jina moja, vitu viwili.

Katika Magic balaa hili halipo: kadi zenye jina moja ni kadi moja, hata kama mchoro na toleo vimetofautiana. Lightning Bolt ya mwaka 1993 na ya juzi zinapiga 3 kwa mana moja nyekundu. Pokémon ni habari nyingine. Pikachu wako wengi, kila toleo na wake, na mashambulizi yao hayafanani wala uhai wao haulingani. Ukimwandikia mtu “2 Pikachu” umemwambia bizari. Ndiyo maana orodha ya Pokémon inaandikwa idadi, jina, ufupisho wa toleo, na namba ya kadi ndani ya toleo hilo. Usiufute mkia huo kwa kudhani ni uchafu.

Yu-Gi-Oh! imelitatua kwa namba. Karibu kila kadi ina tarakimu 8 kwenye kona ya chini, na faili la deki linaloitwa YDK karibu lote ni mfuatano wa namba hizo: Dark Magician, kwa mfano, ni 46986414. Kompyuta inafurahi, binadamu haambulii kitu. Hearthstone nayo inatoa msimbo mmoja mrefu wa herufi zilizovurugika unaoanza na AAE. Unaunakili, unafungua mchezo, na mchezo wenyewe unakuuliza kama ujenge deki hiyo. Ni raha, lakini anayeusoma kwa macho haoni chochote. Kwa michezo ya namna hii tuma vyote viwili: msimbo kwa ajili ya mashine, na majina kwa ajili ya mtu. Mwenzako akiwa kwenye daladala, simu haina nafasi ya kufungua mchezo, bado ataweza kuisoma deki yako na kukujibu.

Sababu ndiyo deki

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 1996, katika mashindano ya kufuzu huko Atlanta, Marekani, mchezaji mmoja aitwaye Paul Sligh alicheza deki nyekundu iliyojaa kadi ambazo watu walizitupa. Humo mlikuwa na Ironclaw Orcs, kiumbe wa mana mbili ambaye hata kuzuia kiumbe mwenye nguvu ya 2 hawezi. Aliyeitazama orodha peke yake angesema ni takataka. Lakini mbunifu wake, Jay Schneider, hakuwa akiokota kadi nzuri moja moja. Alikuwa akihesabu gharama: kadi ngapi za mana moja, ngapi za mbili, ngapi za tatu, ili kila zamu mana zote zitumike na mpinzani asipumue. Wazo hilo la kupanga gharama kwa ngazi ndilo lililobaki, na leo kila zana ya deki inakuchorea mchoro wake bila hata kuombwa. Ironclaw Orcs wamesahaulika, kwa sababu kilichokuwa na thamani mle ndani ni ile hesabu.

Kwa hiyo unapotuma deki, jibu maswali ambayo orodha haiwezi kuyajibu. Mimi hutumia manne.

La kwanza: deki hii inashindaje? Sentensi mbili zinatosha. Kwa ile deki nyekundu: “Mpinzani anaanza na uhai wa 20. Kadi saba za kupiga 3 zinammaliza. Kila kitu humu kinakimbilia hesabu hiyo.” Aliyesoma hivyo anajua papo hapo kwamba kadi ya kurudisha uhai, hata iwe nzuri namna gani, haisogezi hesabu. Mimi ningeyasoma hayo nisingechomeka kadi nyeupe.

La pili: kadi zipi zinaonekana ovyo lakini zina kazi? Lava Spike inapiga 3 kama Lightning Bolt, ila viumbe haiwagusi. Mgeni ataona ni Lightning Bolt iliyokatwa mkono na ataitoa. Mwandikie: “Ukitamani Lava Spike ingepiga viumbe, ujue umeshaacha kushambulia umeanza kujihami, na deki hii haijui kujihami.” Fireblast nayo mgeni ataiona bei yake ya mana sita, ataidhani mzigo. Mwandikie kwamba mana sita hazilipwi kamwe. Ni pigo la mwisho, linalipwa kwa kuzichoma Mountain mbili.

La tatu: kipi kisiguswe, na kipi kiguswe bila woga? Hapa ndipo niliumia. Katika kila deki kuna kadi zinazoshikana kama mboni na kope. Ukiondoa moja, nyingine inakufa. Zitaje kwa jozi. Halafu zitaje na zile zilizoingia kwa sababu ndizo ulizokuwa nazo kabatini. Mpokeaji asiyekuwa nazo asihangaike kuzitafuta.

La nne: deki hii inamwogopa nani? Hakuna deki isiyo na mbaya wake. Ukimficha mwenzako udhaifu, akikutana nao mara ya kwanza atadhani amekosea kucheza, ataanza kubomoa mambo yaliyokuwa sawa.

Moxfield na zana nyingine zina sehemu ya kuandika maelezo marefu pembeni ya orodha. Watu wengi wanaiacha tupu. Aya mbili zinatosha, na ziandike kwa Kiswahili. Majina ya kadi yatabaki Kiingereza, lakini fikra ni zako, na kijana wa Tanga au Eldoret anayejifunza leo hana sababu ya kulazimika kuzisoma kwa lugha ya watu.

Kwa mchezaji wa Commander kuna la kuongeza. Kadi 100 za nakala moja moja ni msitu. Zipange kwa kazi: hizi zinaleta mana, hizi zinavuta kadi, hizi zinaua viumbe, hizi zinamaliza mchezo. Archidekt imejengwa kwa upangaji wa namna hiyo. Anayekosa kadi moja kati ya zile za kuvuta kadi ataweka nyingine ya kazi hiyohiyo, na deki haitayumba.

Tarehe na fomati, hata kama ni ndugu yako

Deki ina umri. Tarehe 23 Septemba 2024 kadi nne zilipigwa marufuku kwa mpigo katika Commander, zikiwemo Mana Crypt na Jeweled Lotus, kadi ambazo watu walikuwa wamezinunua kwa fedha nyingi. Orodha yenye kadi hizo iliyoandikwa tarehe 22 ilikuwa halali, tarehe 24 haikuwa halali, na ukiitazama kwa macho haikuambii ni ya lini. Mitindo mingine, kama Standard, ina utaratibu wa kuondoa matoleo ya zamani, hivyo deki nzima inaweza kuzeeka bila kadi hata moja kukatazwa.

Juu kabisa ya maelezo andika fomati, yaani mtindo unaochezwa, na tarehe. “Pauper, Machi 2025.” Maneno mawili na tarakimu nne. Pauper, kwa wasioijua, ni mtindo wa Magic unaoruhusu kadi zilizowahi kutolewa katika daraja la chini kabisa, zile za kawaida, na kwa mfuko wa wengi wetu ndiyo pa kuanzia.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeona mtu akibadilisha kadi tisa baada ya kushindwa mara mbili, deki ikaharibika, akataka kurudi alikotoka asikumbuke njia.

Kila unapobadilisha, hifadhi toleo jipya kwa jina na tarehe, au tumia historia ya mabadiliko kama zana yako inayo. Badilisha kadi mbili au tatu, cheza michezo kumi hivi, andika ulichoona, ndipo ubadilishe tena. Ukibadilisha tisa kwa mara moja ukashinda, hutajua ni ipi iliyokusaidia.

Na ujue nakala moja ina uzito gani. Katika Magic unaanza na kadi 7 mkononi. Ukiwa na nakala 4 za kadi fulani katika 60, uwezekano wa kuiona angalau moja katika mkono wa kwanza ni karibu asilimia 40. Zikiwa 3 ni kama asilimia 31 na nusu. Mbili ni 22. Moja haifiki 12. Kwa hiyo kupunguza kutoka 4 hadi 3 si jambo dogo, na maelezo yako yaseme kwa nini ulipunguza. Vilevile, ukiongeza kadi nne juu bila kutoa nyingine, deki ikafika 64, ile asilimia 40 inashuka hadi chini ya 38. Ni kidogo, lakini umeilipa kwa kila kadi uliyoitegemea. Ndiyo maana anayekushauri uongeze kadi bila kukuambia utoe ipi, bado hajakushauri.

Kuazima si wizi, kuficha ulikoazima ndiyo aibu

Kuna wanaoona haya kucheza deki waliyoikuta mtandaoni. Haya ya nini? Watu wameazimana deki tangu Magic ingali changa, na kucheza deki iliyopangwa na bingwa ni darasa. Icheze kama ilivyo, michezo ishirini, usiguse kitu. Ukishajua kila kadi inafanya nini, hapo una haki ya kubadilisha. Mimi nilibadilisha kabla ya kucheza hata mmoja, na matokeo nimeshakusimulia.

Lakini ukiituma mbele, taja uliyeitoa kwake. Mstari mmoja: “Imetoka kwa fulani, nimebadilisha hizi tatu.” Ile deki ya Atlanta ilibeba jina la Sligh, aliyeicheza, hadi leo watu wanaita mtindo huo Sligh, na jina la Schneider aliyeibuni wanalijua wachache. Sligh mwenyewe hakumfanyia mtu ubaya. Ndivyo majina yanavyoshika. Basi tusipoteze mengine kwa uzembe.

Ukiwa unaandikia watu wa kwetu, fikiria na mfuko. Zana zinaonyesha bei kwa dola, na bei hiyo haina nauli wala ushuru. Kadi halisi hazipatikani kila duka, wengi tunategemea shemeji aliye ughaibuni atie pakiti mbili kwenye begi akija likizo. Toa orodha mbili: yako, na ya mwenye kubana matumizi, ukieleza kila mbadala unapoteza nini. Wanaocheza sebuleni wanaweza kuchapisha karatasi na kuitia ndani ya kifuko cha plastiki juu ya kadi yoyote. Kwa mazoezi na marafiki mnaoelewana hakuna tatizo. Kwenye mashindano rasmi haikubaliki, na kuuza karatasi hizo kama kadi halisi ni utapeli.

Uliza swali linalojibika

Ukimtumia mtu deki na maneno “vipi, iko poa?”, atakujibu “iko poa”. Mmesalimiana tu. Uliza hivi: “Nimeshindwa mara sita kati ya kumi na deki za viumbe wadogo wanaotoka haraka. Nina nafasi mbili katika zile za pembeni. Nitoe nini, niweke nini?” Swali hilo lina idadi, lina adui, lina mipaka. Hata mtu asiyekujua anaweza kukusaidia.

Na ukipewa ushauri, usijitetee kila mstari. Sema asante, jaribu, rudi na majibu. Mtu akirudi kuniambia “nilijaribu ulivyosema, nikashinda minne, ila nilikwama hapa,” mimi humpa nusu saa nyingine kwa furaha. Anayerudi kubishana bila kujaribu, mara ya pili simu yangu huwa kimya.

Kwa upande wa mshauri: kwanza uliza lengo. Kuna anayetaka kushinda mashindano, na kuna anayetaka deki ya mazimwi kwa sababu mwanawe anapenda mazimwi. Kumwambia wa pili atoe mazimwi yote kwa kuwa ni ghali na mazito ni kujibu swali ambalo hakuuliza.

Mlango uwe wazi kiasi gani?

Zana kama Moxfield zinakupa ngazi tatu: deki ya wazi, inayoonekana na kutafutika na kila mtu, deki isiyoorodheshwa, ambayo anaiona mwenye kiungo tu, na deki ya faragha, unayoiona wewe. Wengi hawajui wapo kwenye ipi. Angalia.

Kama una mashindano Jumamosi na wapinzani wako wanaijua akaunti yako, iweke faragha mpaka Jumapili, maana ukiiacha wazi unawachangia karata huku umewageuzia sura zake. Baada ya hapo ifungue. Deki iliyokwisha kazi ikafichwa haimfundishi mtu. Kumbuka pia kwamba kiungo cha isiyoorodheshwa kikishaingia kwenye kundi la watu hamsini si siri tena. Na kama mwanao ndiye anayefungua akaunti, atumie jina la mchezo badala ya jina lake kamili, na shule na mtaa visiandikwe popote.

Mstari mmoja

Wiki mbili baada ya ile simu, rafiki yangu alinitumia kiungo kipya. Kadi zilikuwa zilezile 60, hakugusa hata moja. Juu aliandika “Pauper” na tarehe. Chini yake sentensi mbili za namna inavyoshinda. Pembeni ya Lava Spike maneno machache, pembeni ya Fireblast machache. Nikashuka hadi mwisho wa orodha, kwenye zile Mountain 16, nikakuta ameandika: “Zisiguswe. Fireblast inazila. Muulize jamaa wa Dar.”

Nimeicheza michezo ishirini bila kubadilisha kitu. Juzi binamu yangu aliniomba deki ya kuanzia, nikamtumia hiyohiyo. Mstari ule sikuufuta.